Nguo za Kupunguza

Chumba chetu cha kazi kina mlango mmoja na mafundi wawili. Mimi nashona viatu upande wa dirishani, yeye anashona nguo upande wa kioo. Watu humwita Mama Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haitoki shingoni hata akienda kula. Ni mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi, na ana ugonjwa mmoja: akikupima kiuno, anatangaza. Nimeona wanawake wazima na heshima zao wakimziba mdomo kwa kiganja.

Ile chai ya kupunguza mwili ilipoingia mtaani, yeye ndiye aliyekuwa shahidi wake mkubwa. Aliyeiuza akizunguka na kikapu tulimbandika jina la Mama Majani. "Kizuri chajiuza," alipenda kusema. Nikamwambia basi akae nyumbani, kijiuze. Tangu siku hiyo salamu zangu anaitikia kwa pua. Lakini Mama Futi alimwamini, na alikuwa na sababu zake. Kila wiki waliingia wanawake wenye magauni yanayopwaya, wanataka yapunguzwe, na akiwauliza siri ni nini, wanajibu ni ile chai.

"Mimi sisemi ya kusikia," aliniambia. "Naona kwa macho yangu. Futi haidanganyi."

Mama Majani akamrekodi kwa simu akisema maneno hayo hayo, na sauti yake ikaenea mtaa mzima.

Mmoja wa walioisikia alikuwa dada yake. Huyu dada ndiye aliyemlea Mama Futi baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemnunulia cherehani yake ya kwanza. Mwalimu wa chekechea, mnene, mcheshi, ana kisukari, na kwa miaka alimeza vidonge vyake huku akivinunia. Mama Majani alimwambia chai na vidonge vitagombana tumboni, achague kimoja. Kabla ya kuchagua alikuja kumuuliza mdogo wake.

"Kunywa, dada," Mama Futi alisema, mimi nikiwa pale pale na kiatu cha mtu mapajani. "Mimi ndiye ninayepima."

Na dada akapungua, hilo halina ubishi. Alikuja na magauni mkononi, moja baada ya jingine, na chupa ya maji ambayo ikiisha anaomba nyingine. Kiu, alisema, ni chai inasafisha. Akienda chooni kila mara, ni sumu inatoka. Akichoka, ni mwili unazoea. Kila swali lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa lile lile. Mama Futi alitangaza kiuno kipya mpaka barabarani, na dada mtu akajizungusha mbele ya kioo.

Sasa kuna jambo la ufundi. Fundi mzuri akipunguza nguo hakati. Anaingiza kitambaa ndani, anashona, na ile ziada anaiacha imelala ndani ya mshono, kwa sababu mwili wa mtu haukai mahali pamoja. Mama Futi alishawahi kununiana na fundi wa jirani kwa kukata nguo ya mteja. Lakini gauni la dada yake la maua ya buluu, lile analolipenda kuliko yote, alilikata. Nilimwona akishika mkasi.

"Huku harudi tena," alisema, akatupa vile vipande kwenye kapu la takataka.

Dada akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilidhani ni kicheko kilichomkalisha.

Alianguka darasani, mbele ya watoto. Hospitali walisema sukari imepanda kupita kiasi, na kwamba kule kukonda kulikuwa ni mwili kujila wenyewe kwa kukosa dawa. Mama Futi aliyasikia hayo amesimama, futi shingoni. Hakulia. Hakumtukana hata Mama Majani, ambaye mimi nilikuwa tayari kumtukana kwa niaba ya ukoo mzima. Kesho yake alikuja kazini, akatungia sindano uzi, akashona. Akimpima mtu, namba aliandika bila kufungua mdomo. Nilimtania, nikaishia kujichekea peke yangu.

"Unaendeleaje lakini?" nilimuuliza.

"Sijui, fundi. Ganzi tu. Kama mkono ulioulalia."

Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba baada ya kazi. Nikamsindikiza, maana hali ile ilinitia hofu. Alikwenda kwa wale walionunua chai na hawakuwahi kuleta nguo ya kupunguza, na mlangoni aliuliza neno moja tu: ulipungua? Mmoja aliharisha akaacha. Mmoja alinenepa zaidi na anadai hela yake. Mwingine alicheka.

"Ningepungua si ungeniona kwako, mwenzangu?"

Mama Futi alibaki amesimama pale mlangoni mpaka yule mama akaacha kucheka.

"Walikuwepo siku zote," aliniambia njiani. "Ila ambaye nguo haijampwaya hana cha kuleta kwangu. Nilikuwa nawaona waliopungua tu."

"Na hao waliopungua?"

"Nao nimewauliza. Mmoja alifiwa, alikuwa hali chakula. Mmoja kaacha soda, kazini anakwenda kwa miguu. Labda chai ilisaidia, labda haikusaidia, sijui. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa napima tu."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya vifungo. Nilitamani apige kelele.

Wateja hawakuacha kuuliza. Binti mmoja aliyekuwa anajiandaa kuolewa aliuliza kama ile chai ni kweli. Mama Futi alimjibu huku pini ziko mdomoni.

"Futi iliniambia wamepungua. Haikuniambia kwa nini. Na mmoja wao alikuwa anakufa."

Dada alirudi nyumbani ngozi na mifupa, akarudi kwenye vidonge vyake, na sindano za sukari juu yake. Kila alipopita kazini kwetu mdogo wake alimpima kimya, akageuka. Mpaka mchana mmoja dada aliingia na lile gauni la maua ya buluu.

"Mdogo wangu, zipu imegoma."

Mama Futi aligeuza gauni ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono akitafuta kitambaa cha kuachia. Hakuna, ni ukingo uliokatwa tu.

"Nililikata," alisema.

"Najua. Nilikuwepo, nikacheka."

"Sina pa kulipanulia, dada."

"Basi nishonee lingine. Na hilo uliachie kitambaa."

Mama Futi akavua futi shingoni, akamzungushia dada yake kiunoni. Akasoma. Akarudia kusoma. Halafu akakitangaza kile kiuno, kwa sauti iliyopasuka katikati, na machozi yakaja, yote, mpaka wapita njia wakachungulia mlangoni. Dada alimshika kichwa akakilaza begani kwake, akamwambia arudie, hawajasikia vizuri.