Njia Isiyo na Magari

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Miezi miwili nilimpeleka binti yangu shule kwa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu Bukavu, yeye ameketi nyuma akishika koti langu. Ana miaka sita. Kila asubuhi nilijiuliza jambo moja tu: nitamfikisha mzima?

Barabara kubwa ya Lewisham, huku ugenini, ilinitoa jasho hata kwenye baridi. Basi likinipita, magurudumu yake yako karibu na goti la mtoto. Malori ndiyo usiseme! Nikasema hapana, siwezi kuua mtoto kwa ajili ya kuwahi kengele. Jumapili baada ya ibada nikazunguka peke yangu kutafuta vichochoro, hadi nikapata mtaa mrefu wa nyumba za matofali, hakuna gari linalopita. Nikafurahi kama mjinga.

Jumatatu tukapita huko. Kimya kingi kina mshindo, lakini nani wa kunikumbusha? Nilikuwa naimba. Kwenye barabara kubwa nilifuata magari tu, yananiweka kushoto, upande wa huku. Hapa hapakuwa na wa kufuata, na mwili wangu ukafanya ulivyozoea kwetu, ambako watu hupita kulia. Tulipokata kona, gari la mizigo hili hapa, uso kwa uso.

Yesu wangu! Breki zililia. Nikaangukia ua wa mtu, kinga juu yangu, mtoto kando. Dereva alishuka mbio.

"Unapita upande gani wewe?" alifoka.

Nilikuwa nampapasa mtoto kichwa, shingo, vidole. Alikuwa mzima. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Kesho yake niliiacha kinga nyumbani. "Tutembee," nikamwambia. "Kwa miguu hakuna hatari."

Akanishika mkono. Tulipofika pa kuvukia nikatazama kushoto, nikaona kweupe, nikapiga hatua. Mkono wangu ukavutwa kwa nguvu. Basi likapita likitokea kulia, upepo wake ukanipiga usoni.

Binti yangu akahamia upande ule magari yanakotokea, na kwa Kiingereza chake akaniambia kwamba tangu leo yeye ndiye atakayesema lini tuvuke, mimi nisiachie mkono wake tu. Nikaushika.