Karatasi ya Jumapili ya Tatu

Waumini walimbandika jina la Padri Taratibu, naye hakulikataa. Alitembea taratibu, aliongea taratibu, hata kikombe cha chai alikiweka mezani kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Watoto wa katekisimu walimwigiza nyuma ya kanisa mpaka mbavu zikawauma kwa kucheka. Hawakujua kwamba upole ule alijifunza ukubwani, kwa taabu.

Baba yake alikuwa dereva wa lori, na mkanda wa injini ndio aliolelea watoto. Kijana akakua na ngumi zinazotangulia mdomo. Akiwa na miaka kumi na tisa, kibarua wa kufyatua matofali, aligombana na mwenzake kwa sababu ya ndoo ya maji, akampiga mpaka jicho la kushoto la yule mtu likazima moja kwa moja. Alikaa mahabusu miezi minne. Padri mmoja mzee alikuwa akimtembelea kila Alhamisi, na kutoka hapo yakafuata mengine: seminari, upadre, na mwishoni parokia hii, ambako kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Sifa yake kubwa ilikuwa tafakari. Kila Majilio, zile wiki za kuisubiri Noeli, aliandika nne, moja kwa kila Jumapili, na ya tano ya Noeli. Katekista, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alizichapa na kuzitoa nakala kwa mashine ya ofisini iliyokuwa ikikohoa kuliko yeye mwenyewe. Watu walizichukua mlangoni, wakazibandika saluni, duka la dawa, juu ya friji. Padri alipopita mtaani na kuyaona maneno yake ukutani, alijisikia bwana mkubwa kidogo. Aliiungama dhambi hiyo kila mwezi, na kila mwezi akairudia.

Mwaka ule, Jumapili ya tatu, aliandika juu ya amani ya nyumbani. Kulikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko zote: "Maria alinyamaza, na katika kunyamaza kwake mtoto akakua." Aliifuta mara mbili. Mara zote mbili aliirudisha, kwa sababu ilisikika vizuri.

Jumanne asubuhi mshonaji aliingia ofisini walimokuwa Padri na katekista. Ndiye aliyeshona vitambaa vya altare na kanzu za watumikiaji, mama wa maneno machache na utani mkavu. Siku hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa taulo, na taulo limelowa damu mpaka inadondoka sakafuni. Jicho moja lilikuwa limefumba, mdomo umepasuka. Katika mkono mzima alishika karatasi ya Jumapili.

"Alinisomea kwanza," alisema.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Mume wake, fundi wa mageti, alijulikana mtaa mzima kwa kazi safi na mkono mwepesi.

"Alinisomea yote mpaka mwisho. Akaniuliza, Maria alifanya nini? Nikamwambia, hujala, kaa ule. Akasema, nimekuuliza Maria alifanya nini. Halafu akaulaza mkono wangu kwenye meza ya cherehani. Alitumia nyundo, Padri. Ile ya kunyooshea bati. Kila nikipiga kelele ananiambia, nyamaza kama mwenzako."

Katekista alilifungua taulo ili alifunge upya, akashindwa, akaangalia pembeni. Vidole viwili havikuwa tena na umbo la vidole. Mfupa mweupe ulikuwa umetokeza mahali ambapo kwa miaka ishirini palikuwa pakivaa subana ya kushonea.

"Mpeleke hospitali," Padri alimwambia katekista. "Chukua gari. Mimi nakuja nyuma yenu."

Hakwenda nyuma yao. Alishika njia ya karakana.

Fundi alikuwa amechuchumaa, akichomelea fremu ya pango la Noeli ambalo parokia yenyewe ilimpa kazi ya kulitengeneza. Alipomwona Padri alizima mashine, akavua miwani, akatabasamu vizuri kabisa.

"Padri, karibu! Mambo yako karibu yanaisha haya. Kesho nayapiga rangi."

"Mkeo yuko hospitali."

"Si atatibiwa? Mambo ya nyumbani hayo, Padri. Yanapita."

"Twende kituo cha polisi. Sasa hivi."

Fundi alicheka, akaelekeza kidole ukutani. Karatasi ya Jumapili ilikuwa imebandikwa kwa utepe wa umeme, pembeni ya kalenda. "Polisi? Haya, twende wote wawili. Mimi nimepiga, wewe umeandika."

Padri alikwenda ukutani, akanyoosha mkono kuibandua. Hapo ndipo bomba la chuma lilipomshukia begani. Alisikia mfupa ukilia. Alipogeuka, bomba lilikuwa juu tena.

Ngumi ya kwanza ya Padri ilivunja pua ya fundi. Ya pili ilizama chini ya mbavu, na fundi akaachia bomba, akaketi juu ya vipande vya chuma kama gunia lililotupwa. Damu ilimjaa mdomoni. Aliinua mikono yote miwili. "Basi, Padri. Basi!"

Haikuwa basi. Padri alimvuta kwa shati mpaka chini, akamwekea goti kifuani, akaanza kumshindilia usoni kwa mkono mzima, kushoto, kulia, kushoto, bila haraka, kama mtu anayefyatua matofali. Jino lilimchana vifundo vya vidole na hakulihisi. Fundi aliacha kuomba, kisha akaacha hata kujikinga. Kibaya zaidi, ambacho baadaye Padri alimwambia Askofu bila kuulizwa, ni kwamba alijisikia vizuri. Alijisikia kama mtu aliyerudi kwao. Ilibidi mafundi watano wa karakana za jirani waje kumng'oa, na mmoja wao aliambulia kiwiko cha taya.

Kituoni, mkuu wa kituo alijaribu kuyamaliza. Alikuwa muumini, mwimbaji wa sauti ya nne kwaya kuu.

"Padri, nimeona bega lako. Tunaandika ulijitetea, kila mtu anarudi kwake."

"Ya kwanza na ya pili nilijitetea," Padri alisema. "Zilizobaki andika ni zangu."

"Unajua nikiandika hivyo hii ni kesi?"

"Andika."

Waliandika. Fundi alilazwa wodi ya wanaume chini ya ulinzi, taya limefungwa kwa waya. Padri aliachiwa kwa dhamana, na jioni ile ile akaenda wodi ya wanawake. Mshonaji alikuwa ameketi kitandani. Kidole kimoja walikuwa wamekikata. Kingine walisema watakiangalia. Dada yake alikuwa akimlisha uji kwa kijiko.

"Nimesikia umempiga," alisema mshonaji.

"Nimempiga."

"Alipokwambia basi?"

Padri aliuangalia mkono wake uliovimba.

"Aliposema basi, uliacha?"

"Sikuacha."

Mshonaji alisukuma kijiko pembeni. Jicho lake zima lilimtazama Padri kwa muda mrefu, kama linalotafuta mtu mwingine nyuma yake. "Nilikuja kwako kwa sababu wewe ndiye mwanamume pekee ninayemjua asiyepiga. Wangapi wangeweza kunipigia yule? Kaka zangu ni wanne. Sikuja kutafuta mtu wa kupiga."

"Ulitaka nini, mwanangu?"

"Nilitaka uiondoe ile karatasi. Tu. Uiondoe kwenye kuta za watu." Akageukia ukutani. "Dada, mwambie atoke."

Kesho yake Askofu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Padri asiguse altare mpaka atakapoitwa. Noeli ataletewa padri mwingine. Padri alikubali yote, akaomba kitu kimoja: asome karatasi ya tano kwa mdomo wake. Askofu akasema, "Isome. Lakini chini ya ngazi za altare."

Kwa siku zilizobaki kabla ya Noeli, Padri na katekista walizunguka nyumba kwa nyumba, mkono mmoja wa Padri umefungwa shingoni, mwingine umevimba kama andazi. "Hodi. Naomba karatasi yangu ya Jumapili ya tatu."

"Mbona ni nzuri hii, Padri?" mwenye saluni alishangaa.

"Ni mbaya. Nipe."

Kwenye kuzikusanya aliona asiyotarajia. Wanaume walimpokea kama bingwa. "Ulimnyoosha yule, Padri! Sisi sasa tunakuita Padri Ngumi!" Mmoja alimkumbatia mlangoni kwa furaha, na nyuma yake mke wake akawa anavuta mkono wa blauzi kufunika kifundo cha mkono kilichovimba. Padri alimwangalia yule mama, yule mama akaangalia sakafu. Njiani Padri alisimama, akageuka kuutazama mlango ule. Katekista alimsubiri hatua mbili mbele, akasema, "Zimebaki nyumba arobaini, Padri. Twende."

Asubuhi ya Noeli kanisa lilifurika. Wengine walikuja kwa ajili ya mtoto Yesu, wengi walikuja kuona uso wa Padri. Alisimama chini ya ngazi na shati la kawaida.

"Niliwaandikia kwamba Maria alinyamaza," alisoma. "Niliandika uongo kwa sababu ulikuwa mtamu mdomoni. Maria alimhoji malaika. Aliimba kwa sauti kwamba wakubwa wataangushwa. Na Herode alipokusudia kumwua mtoto, Yusufu hakumwambia mke wake avumilie. Alimwamsha, wakakimbia. Mama uliye hatarini, kimbia. Chumba cha wageni cha parokia kiko wazi, ufunguo anao katekista. Na nyinyi wanaume mnaonishangilia: mtu yule alisema basi, nami nikaendelea kumpiga. Mimi na yeye siku hiyo tulikuwa kitu kimoja. Msinishangilie."

Mzee mmoja wa safu ya mbele alisimama akatoka, na wanawe watatu wakamfuata, viatu vikigonga sakafu. Mtu alifoka kutoka nyuma, "Na wewe sasa utatufundisha nini?" Padri alisema hajui, akaketi. Upande wa wanawake, bibi mmoja alikuwa akilia kwa sauti ya chini na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

Fundi alifungwa miaka saba. Padri alipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja, afagie hospitali ile ile, kisha Askofu akampeleka mbali kutunza mapadri wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwabadilishia mashuka. Mshonaji alihamia kwa dada yake, akajifunza upya kushika mkasi kwa mkono wa kushoto. Padri alimwandikia barua tatu za kuomba msamaha. Alijibiwa moja tu, kwa mwandiko uliopinda: "Nimesikia karatasi zimeondoka. Asante kwa hilo." Juu ya lile lingine hakuandika chochote, wala Padri hakuandika tena.

Katekista ndiye aliyempigia simu huko kwa wazee, miaka miwili baadaye, kabla ya Pasaka. Mama mmoja alikuwa amefika parokiani mchana na watoto wawili na begi la plastiki, mgongo wote mistari. Ni yule wa mkono wa blauzi.

"Mume wake amekuja?" Padri aliuliza.

"Amekuja. Amepiga mlango mateke, amenitukana mpaka amechoka. Sikufungua. Polisi wako njiani."

"Na wewe umeumia?"

"Mimi? Miwani tu, ilianguka nikikimbilia komeo," alisema katekista. "Subiri kidogo, watoto wanataka chumvi."