Shu na Kitunguu Toka Ghorofani

Mwaka ule nilikuwa nafundisha fizike katika sekondari ya watawa hapa Bunia. Mkuu wa shule, mtawa mzee tuliyemwita masera, alikuwa na tabia ya kusikiliza masomo yetu akisimama dirishani. Siku niliyoeleza kwamba Wayunani wa kale waliamini kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi, hadi Mwitalia mmoja akaja kuwapinga, aliingia bila kubisha.

"Prof, weye umeona hiyo na macho?"

"Nimeisoma, masera."

"Kusoma! Kuya tuone."

Jikoni walitutolea shu, kabichi kubwa la duara, na kitunguu. Tukapanda ghorofani, shule nzima ikajaa uani. Nikaviachia pamoja. Pu! Sauti moja. Wasichana wakapiga vigelegele. Mimi nilishangaa kuliko wote, ila nikakaza uso kama mtu aliyezoea.

Masera hakucheka. Alitafuta jiwe na karatasi, akaviachia yeye mwenyewe. Jiwe likafika. Karatasi ikaenda kutembea, ikatua juu ya bati la jiko.

"Unaona? Wale ba zamani hawakukuwa wajinga."

"Ni hewa, masera. Inaizuia."

"Kumbe sheria yako inatumika fasi hewa haiko? Siye tuko Bunia, prof. Hewa iko!"

Uani walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikafinyanga karatasi nyingine ikawa kama tonge, nikaiachia pamoja na jiwe. Jiwe lilitangulia kidogo tu. Nikakohoa ili pengo lisisikike.

Tuliporudi darasani, masera alikaa kwenye benchi la nyuma, akaomba kalamu.

"Na huyo Mwitalia, walimupa nini?"

"Alisema dunia inazunguka jua, masera. Wakamufungia nyumbani kwake mpaka akakufa."

"Nani walimufungia?"

Niliangalia msalaba ukutani. "Siye, masera. Kanisa."

Masera akapumua kwa nguvu. "Alikuwa na mupishi?"

"Sijui, masera."

"Basi, endelea. Lakini polepole."

Nikaendelea na Mwingereza aliyekuja baadaye, akasema nguvu inayovuta matunda chini ndiyo hiyo hiyo inayoushika mwezi. Masera akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Prof, sasa mwezi unaanguka ama hauanguki?"

"Unaanguka kila wakati, masera. Ila unatukosa."

Hiyo alikataa kuiandika.