Majembe Yaliyongoja Mawingu

Muthoka alikuwa karani wa stoo wa Kanji, tajiri mwenye maduka mawili, moja Thika na jingine Ruiru. Kazi yake ilikuwa kujua kitu gani kipo wapi, na kukihamisha kabla mteja hajakiulizia. Mwaka huo wa 1957 alikuwa ameahidiwa neno: majembe ya mvua za Oktoba yakiisha, yeye ndiye angesimamia duka la Ruiru na kupewa vyumba vya nyuma. Angemleta mkewe Ndunge na binti yao Kanini kutoka Yatta. Miaka sita sasa alikuwa akiwaona mara moja kwa mwezi.

Agosti akamwendea Kanji. "Bwana, majembe yote tulete Thika. Wanunuzi wa hapa ni Wakamba wa Yatta, na sisi Wakamba tunapanda kabla ya mvua."

"Kwenye vumbi?" Kanji alicheka hadi miwani ikamteleza. Ruiru watu walilima udongo ukishalowa, naye alidhani dunia nzima ni Ruiru.

Septemba Muthoka akarudia. Akaambiwa angoje mawingu. Sikio la kufa halisikii dawa, na kinachoudhi ni kwamba anayeumia si mwenye sikio.

Wateja wakaanza kuingia kutoka Yatta. Thika kulikuwa na majembe manne tu. Themanini yalikuwa yamelala Ruiru. Yale manne yakaisha asubuhi moja. Muthoka aliona haya hata kusimama kaunta. Kisha siku moja akaingia Ndunge mwenyewe.

"Ngoja wiki moja, Mama Kanini. Lori litakuja."

"Baba Kanini, mvua ikifika mbegu ziwe chini. Nilime na kucha?" Akavuka barabara, akanunua kwa jirani.

Mvua ilinyesha mwisho wa Oktoba. Kesho yake Kanji akaleta majembe yote themanini kwa lori, akasimama mlangoni akisugua mikono. Wiki tatu zikapita, yakauzwa matano.

"Muthoka, hawa si watu wako? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Bwana. Agosti, tena Septemba."

"Ungesema kwa nguvu." Hata aibu hakuona. "Ruiru nitaweka mtu mwingine. Wewe baki hapa, unawajua Wakamba."

Jumamosi Muthoka alikwenda Yatta. Alimkuta Ndunge akipalilia mahindi yaliyoota vizuri kabisa, na mkewe akamwuliza, kabla hata ya salamu, wanahamia Ruiru lini.