Siku Ukuta Ulipoanguka
Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wakianikwa juani bado hunirudisha kwenye boma letu kando ya ziwa. Siku hiyo mama alikuwa amemlaza mdogo wangu mchanga ndani ya nyumba, mvua ikaanza. Tukakimbia nje kuanua omena. Mtoto akalia sana, hata mama akarudi kumbeba mgongoni huku akinung'unika.

Alipotoka tu, ukuta wa udongo, uliolowa kwa siku nyingi, ukaanguka juu ya mkeka wa mtoto. Nikakimbilia vyombo vyetu. Mama akanishika mkono.

"Nyumba tutajenga, mwanangu. Kwanza tushukuru."

Tukapiga magoti matopeni. "Nyasaye, erokamano," alimshukuru Mungu kwa lugha yetu, tena na tena, mpaka sauti ikamkauka. Mgongoni mwake mtoto alikuwa ameshalala tena.