Feni ya Kaaleng, Memori ya Kakuma

Habari za kifo chake zilinifikia hapa Eldoret kwa simu, zikiwa picha ya kijitabu cha mazishi. Kabla sijasoma jina, niliitambua kazi: herufi zimekaa sawa, ukurasa una mpaka mwembamba wa rangi ya udongo, na picha ya marehemu imesafishwa mpaka macho yake ya utani yakaonekana vizuri. Lodwar nzima ilikuwa na kompyuta moja tu inayotoa vijitabu vya namna ile, na mwenyewe ndiye huyo aliyekuwa kwenye jalada. Nililia, sikatai. Halafu nikajikuta natabasamu, maana nilikumbuka jinsi kompyuta hiyo ilivyofika mjini, na nikajiuliza jambo ambalo wengi waliomjua walikuwa wakijiuliza siku hiyo: sasa itakuwa ya nani?

Nimewahi kumtaja kwenye safu hii nikimwita mzee wa studio. Alipiga picha za vitambulisho, akachapa kadi za mialiko na vijitabu vya mazishi, na akahariri video za harusi kutoka Lokichar hadi Kakuma. Hakuogopa mshindani yeyote isipokuwa joto na vumbi. Kila kompyuta aliyoinunua dukani Kitale ikiwa tayari imeundwa ilifika Lodwar, ikapumua kwa shida, ikazima. Ya mwisho ilikata roho ikiwa katikati ya harusi ya Kakuma, na bibi harusi wa watu hakuwahi kuiona keki yake ikikatwa. Wateja wakaanza kupeleka kazi zao Kitale. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa naye dukani kila siku, akaanza kuulizia friji ya kuuzia soda, na mzee wetu akaelewa kwamba mke akishaanza kuulizia friji, studio haina maisha marefu.

Ndipo akapata habari za kampuni inayounda kompyuta zake yenyewe na kumuuzia mteja moja kwa moja, bila duka la katikati. Unaingia kwenye tovuti yao, unachagua kila kiungo unavyotaka, wao wanaunda na kukutumia. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Lodwar, tukaketi pamoja dukani kwake tukichagua kwa simu yangu. Tovuti ilimsukumia kasha la kioo lenye taa za rangi rangi. "Hii ni ya disko," akasema, akaipita. Tulipomaliza, dada wa mauzo akapiga simu kuthibitisha, naye mzee hakuwa na haraka hata kidogo.

"Ejok, dada. Habari ya huko? Mvua imenyesha? Sawa. Sasa niambie, hii mashine imelelewa wapi?"

"Imelelewa, mzee?"

"Eeh. Kama imekulia baridi, huku itakufa. Ile ng'ombe ya maziwa ya Kitale watu wanaletanga huku, inaangalia jua mara moja inalala chini. Mimi nataka ya kuzoea jua."

Dada alicheka, lakini hakumdharau. Alimwita fundi, fundi akauliza habari za vumbi na umeme wetu, na mazungumzo yalipoisha mashine ilikuwa imebadilika kabisa: kasha pana la chuma, feni kubwa, na vichujio vya vumbi ambavyo unavitoa, unaviosha, unavirudisha. Ilibaki shida moja tu, kwamba mashine hiyo ilikuwa imeuzidi mfuko wake mara kadhaa.

Hapo alifanya jambo ambalo sijasikia likifanywa na mnunuzi mwingine wa kompyuta. Kwa Waturkana, kijana anayetafuta mifugo haoni haya kuwaendea rafiki zake mmoja mmoja na kuwaomba. Huyu atatoa fahali, yule mbuzi jike, na kila mnyama anaingia bomani akijulikana ametoka kwa nani. Aliyetoa hadai kurudishiwa, lakini ana haki ya kuja kumtazama mnyama wake na kupewa maziwa, na siku akikwama yeye, naye ataomba. Basi mzee wetu akaigawa kompyuta kama kundi. Kwa mfugaji mmoja wa Kaaleng, aliyekuwa amemhariria harusi ya bintiye, aliomba bei ya feni. Mfanyabiashara Msomali wa Kakuma alitoa memori. Kiongozi wa kwaya ya Wakongomani katika kambi ya wakimbizi ya huko huko, aliyetaka video za kwaya yake zipendeze, alitoa skrini. Wengine walitoa diski na viungo vingine, na yeye mwenyewe akalipia kasha. Aliponigeukia mimi kwa Kiturkana chake, "Ekone, rafiki yangu, wewe unanipa nini?" nikatoa kipanya. Alinitania kwa hilo hadi nilipohama. Wenzako wametoa ngamia, akasema, wewe umeleta panya.

Mashine ilipofika na lori aliwaita wote, na jambo la kwanza alilofanya ni kushika bisibisi. Kwenye kasha kulikuwa na kibandiko kinachoonya kwamba ukifungua, udhamini wa kampuni umekwisha. Nilimsihi aache. Akasema mnyama haingii bomani bila alama ya mwenyewe, akafungua, kila mtu akatia alama yake kwa rangi kwenye kiungo chake. Mfugaji wa Kaaleng alichora kwenye ukingo wa feni alama ile ile anayowachoma ngamia wake.

"Na ikiharibika?" nikamuuliza. "Udhamini si umeisha?"

Akanionyesha waliosimama pale dukani. "Udhamini ni hawa," akasema.

Nilifikiri ni ujinga, na kwa hesabu za dukani ulikuwa ujinga kweli. Lakini diski ilipokufa, kampuni ikakataa kuibadilisha kama ilivyoonya, na aliyeitoa akaleta nyingine bila neno. Watu waliingia studio wakisema wamekuja kuona feni yao, wakapewa chai, na mara nyingi waliondoka wakiwa wameacha kazi ya kuchapa. Friji ya soda haikutajwa tena.

Nilisafiri kwenda kumzika. Tulipotoka kaburini tukaketi nyumbani kwake, na mdogo wake aliyetoka Nairobi akasimama na kusema kwa upole kwamba studio bila mwenyewe haiwezi kwenda, afadhali kompyuta aende nayo ikauzwe, apatikane hata ng'ombe mmoja wa mjane. Hakuwa mtu mbaya. Mjane aliinama tu, na mimi nikajua kwamba mashine ikipanda basi la Nairobi, mama huyo hana kazi tena.

Mfugaji wa Kaaleng akasimama, fimbo mkononi. "Sawa, beba. Lakini feni ni yangu. Itarudi na mimi Kaaleng."

"Wallahi, na memori ni yangu," akasema Msomali. "Nitabeba kwa mfuko."

"Na miye skrini yangu, papa," akasema kiongozi wa kwaya. "Njo ile kubwa. Unaweza kuiacha tu hapa, haina matata."

Mdogo mtu alidhani ni mzaha. Akaenda dukani, akafungua kasha, akaona alama, akarudi. Mtu akamwambia kwamba urithi wake ni kasha na misumari yake, na kicheko kilichozuka pale sijawahi kukisikia matangani. Mjane ndipo akainua uso, akaunyooshea kidole mkono wa shemeji yake.

"Hiyo kijitabu umeshika, nani alitengeneza? Mzee alikuwa amekufa. Ni mimi nilikaa kwa mashine."

Shemeji akakiangalia kijitabu kana kwamba hajawahi kukiona. Kisha akacheka, akajifuta macho, na kuuliza, "Basi na mimi nitoe nini?" Msomali hakungoja. "Betri ya sola. Umeme ya hapa inatuua." Ikaletwa, na ina alama yake.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu nirudi. Tumezoea kujivunia tunapoweza kununua kitu bila kumwomba mtu, na siku tukiondoka, kitu hicho kinauzwa mchana ule ule kwa kuwa hakuna wa kukitetea. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo tunalisema kila siku. Rafiki yangu alinifundisha kwamba kumwomba mtu si kujishusha. Ni kumpa sababu ya kurudi nyumbani kwako, hata kama wewe hupo.

Jana mjane alinipigia. Alinisalimia, akaniuliza habari ya mvua, halafu akasema, "Shemeji, panya yako imeanza kukwama. Unakuja lini?"

Nimeshanunua kipanya kingine. Kesho napanda basi la Lodwar, na rangi ya kutia alama iko mfukoni.