Aliyefunga Kuba

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Ilikuwa asubuhi, uani kwa bekari moja ya Changamwe, nami nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani nikidhani mtu akianza kazi sharti apendeze. Fundi Mkuu, mzee wa Kimvita mwenye kofia iliyopauka kwa jua, alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Waitwaje?"

"Kadzo."

"Haya Kadzo, vua hivyo. Udongo haukandwi kwa soli."

Kazi ya Fundi na watu wake ilikuwa kujenga matanuri ya kuni ya kuokea mikate, na kuyatengeneza yanapopasuka. Mimi niliandikwa kibarua wa kukanyaga udongo. Ninyi vijana mmezoea kuchukua mkate wa boflo dukani ukiwa umeshafungwa, hata hamjiulizi umetokea wapi. Zamani zile bekari ilikuwa ni tanuri lake tu. Tanuri likiugua, mtaa mzima unakunywa chai kavu.

Udongo mzuri tuliupata kwenye vichuguu, maana mchwa huusaga laini kuliko chekeche lolote. Tulitia mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa, nikakanyaga hadi visigino vikawaka moto. Kisha Fundi Mkuu alikuja, akafinyanga donge, akaliachia kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande, udongo ni mkavu. Likilala bapa kama chapati, umelowa kupita kiasi. Donge langu la kwanza lililala bapa. La pili nalo pia. La tatu lilianguka likabaki donge, naye akaenda zake bila kusema neno. Baadaye nilijua kwamba kwake yeye kunyamaza ndiko kusifu.

Sasa nieleze jambo lililonikaa rohoni tangu mwezi ule wa kwanza. Tanuri lina kitako, yaani msingi wake, na juu ya kitako kuna sakafu ya matofali ambapo mkate hukaa. Chini ya sakafu hiyo tulimwaga mchanga, chumvi ya mawe na vigae vya chupa ili joto lisitoroke. Juu ya yote ndipo linapokuja kuba, yaani paa la mviringo. Kuba hujengwa juu ya rundo la mchanga uliolowanishwa, ukapigwapigwa ukawa kama tumbo la mja mzito, ukafunikwa magazeti yaliyoloweshwa. Udongo hupandishwa duru kwa duru, na ile tundu ya mwisho pale juu ndiyo huitwa kufunga. Udongo ukishikana, mchanga hutolewa kupitia mlango wa tanuri, na desturi yetu ilikuwa kwamba aliyefunga ndiye anayeutoa, kwa mikono yake, kichwa chake kikiwa ndani. Kuba likianguka linamwangukia mwenyewe. Na mtu aliyefunga kuba likasimama ndiye peke yake aliyeitwa fundi. Wengine wote, hata wangezeeka pale, walikuwa vibarua. Mimi nilitaka kufunga. Niliutaka ufundi ule kuliko kitu chochote, na sikuona mwanamke hata mmoja aliyewahi kuupata.

Nilimwomba Fundi Mkuu mara nyingi. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Bado, mwanangu. Mikono yako yaona, lakini haijasikia." Nilikasirika. Nilirudi kwangu Mtopanga nikaropoka mbele ya mume wangu mpaka chakula kikapoa. Yeye, mtu wa maneno machache, alinisogezea sahani tu.

Tukahamishiwa Likoni kujenga tanuri jipya la bekari nyingine. Huko Fundi Mkuu alipata msiba akasafiri, akatuachia kazi chini ya Msimamizi, mwashi hodari wa nyumba, mtu mcheshi mwenye sauti ya kuita feri irudi. Udongo wa kichuguu ulichelewa kuja. Msimamizi akaangaza macho huku na huku, akaona rundo la mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye ujenzi wa ukuta.

"Nyumba zetu zote ni za mawe haya," akasema. "Babu zetu wamezaliwa humo na kufia humo. Yatashindwa na mkate?"

Hakuna aliyebisha. Sote tulikulia ndani ya mawe hayo au karibu nayo, na kwetu hakukuwa na kitu kigumu kuliko hayo. Tukapandisha tanuri zuri la kupendeza. Likawashwa, mikate ikatoka, watu wakaisifu. Baada ya muda wateja wakaanza kusema mikate ya siku hizi ina unga mwingi juu. Mvua iliponyesha, mawe yakavimba, yakaanza kumeguka vipande vyeupe. Fundi Mkuu aliporudi alisugua unga ule kwa vidole, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Wallahi, mumejenga joko la chokaa," akasema, "kisha mkawapikia watu mikate humo."

Tulikuwa tumesahau wazee walipataje chokaa ya kupaka nyumba zile zile: walichoma matumbawe hadi yakawa unga. Msimamizi alicheka mpaka akakaa chini, nasi tukacheka naye, kisha tukalibomoa lote tukaanza upya. Nampenda yule bwana hadi leo kwa kicheko kile.

Miaka ikapita. Bekari zikaanza kununua matanuri ya umeme, nasi tukabaki tukijenga madogo, ya majumbani. Ndipo tukaitwa Mikindani, uani kwa mama mmoja tuliyemwita Bi Mkubwa. Alikuwa mwokaji wa bekari ile ya Changamwe nilikoanzia kazi mpaka umeme ulipomrudisha nyumbani. Alitaka tanuri lake la kuni, aokee mikate ya mofa na boflo kama alivyozoea.

Kitako kikasimama, sakafu ikalazwa, duru za udongo zikapanda. Siku ya kufunga, Fundi Mkuu alinyoosha mkono kuelekea tundu ya juu, mkono ukapita pembeni. Akajaribu tena. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika, naye alikuwa ametuficha.

"Kadzo," akaita.

"Abee, Fundi."

"Ndoo hapa ufunge."

Msimamizi akaguna. "Fundi, mimi nipo. Hii ni nyumba ya mtu. Likianguka tutasema nini?"

"Wewe mkono wako wajua mawe," akamjibu polepole. "Huyu amekanyaga udongo huu kwa miguu yake miaka yote hii. Mwili wake mzima waujua."

Bi Mkubwa, aliyekuwa akichambua mchele barazani, hakuinua hata kichwa. "Tanuu ni langu," akasema. "Mwacheni afunge."

Nikafunga. Ile tundu haikandamizwi kutoka juu, maana ukifanya hivyo duru zote za chini hufunguka. Udongo husukumwa kutoka kando, vidole vikikutana katikati. Macho hayasaidii pale. Nilifumba yangu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kusikia kwa mikono kulikuwa nini.

Kisha ikabaki kungoja, na kungoja ndiko kuliniua. Mchanga ukitolewa mapema, kuba hulala. Ukicheleweshwa, udongo hujikaza juu ya mchanga ukapasuka. Kila asubuhi nilibisha juu ya kuba kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ilipokuja siku sauti ilipokuwa kavu kwa nje na nzito kwa ndani, nikasema leo. Fundi Mkuu hakuligonga naye kuhakikisha. Hilo lilinitisha zaidi.

Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa mlangoni, nikaanza kuchota. Kulikuwa na giza na harufu ya magazeti yaliyooza. Nilisali, sikumbuki maneno. Kila mchanga uliposhuka niliona ni kuba linashuka. Nyuma yangu nilisikia mtu akizoa mchanga niliokuwa nikiutoa na kwenda kuumwaga, kazi ya kibarua. Nikageuka. Alikuwa Fundi Mkuu mwenyewe, karai kifuani, akipapasa njia kwa miguu.

"Fundi, wacha, nitabeba mimi!"

"Chota," akasema. "Chota, Fundi Kadzo."

Kuba lilisimama. Nililia humo humo ndani, kichwa tanurini, nikawaambia nje kwamba mchanga umeniingia machoni.

Baada ya hapo nilifunga makuba mengi, Kisauni yote na ng'ambo ya Likoni, mpaka magoti yakakataa. Nikatangaza nimestaafu. Nilitangaza tu. Nikisikia mtu anajenga tanuri, nilikwenda kuchungulia, nikisema napita njia, kisha dakika si nyingi vidole vyangu vilikuwa udongoni.

Mwaka huu mkaza mwanangu, Dama, alitaka tanuri la mikate hapa hapa uani petu Mtopanga. Ana mikono mizuri ila ana haraka, na ulimi wake haupungukiwi na haraka hiyo. Ilipofika kufunga nikanyanyuka. Akanitazama. "Mama, kaa," akasema. Nikakaa kwenye kigoda. Niliona kidole chake kinakwenda nisikotaka kiende, nikauma ulimi. Alifunga kwa njia yake, si yangu, na alipotoa mchanga, kuba lilibaki juu.

Kwa mkate wa kwanza tulimwalika Fundi Mkuu. Siku hizi haoni kabisa, alishikwa mkono mpaka tanurini. Akaweka kiganja juu ya kuba, likiwa bado na joto, akakizungusha taratibu.

"Si mkono wako huu," akasema. "Alofunga ni nani?"

"Ni Dama, mke wa mwanangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nilikaa nikanyamaza."

Akacheka, mabega yakitikisika. "Basi sasa ndiyo umestaafu, mwanangu."

Nilicheka pamoja naye, machozi yakanitoka, na mara hii sikuusingizia mchanga. Kisha nikaenda kumkatia kipande kingine cha mkate wa Dama.